Kabla Hujapiga Lipu, Piga Picha

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka kuzungumzia kuta. Ndiyo, kuta za nyumba, hizi za matofali ya saruji zinazoota kila kona ya Dar es Salaam kuanzia Kigamboni mpaka Goba. Najua kuna atakayesema huyu kijana kaishiwa habari. Sijaishiwa. Wiki tatu zilizopita nusura kijana wa watu afie mikononi mwangu ndani ya nyumba ya mama yangu, na safari nzima ilianza na waya wa intaneti.

Nianze mwanzo.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Nyumba yake aliianza kwa mkopo, ikasimama ikiwa pagale miaka minne, akaipaua, ikasimama tena, na mwisho akaimalizia kwa kiinua mgongo. Kwa jumla ni miaka 11. Katika miaka hiyo walipita mafundi waashi watatu na mafundi umeme wawili. Wengi wenu mnaijua hadithi hii kwa sababu ni ya wazazi wenu pia.

Dada yangu anaishi na mama na anafanyia kazi nyumbani. Anatafsiri nyaraka, anakutana na wateja wake kwa video. Tatizo ni kwamba faiba inaingilia sebuleni, na chumba chake kiko nyuma kabisa, upande wa uani. Kati ya ruta na meza yake kuna kuta tatu. Kila mkutano sura yake inaganda mdomo ukiwa wazi. Mteja mmoja alimwambia kistaarabu kabisa kwamba atafute intaneti ya kueleweka au kazi aipeleke kwa mwingine. Hapo ndipo mimi, kaka mtu mwenye digrii yangu, nikajitokeza: "Tulia, mimi nitavuta waya."

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi na saidia fundi wake, kijana ambaye sidhani kama amefika miaka 20. Alimpa mama shikamoo, akavua viatu mlangoni ingawa mama alimwambia asihangaike, akaanza kazi. Mpango ulikuwa mwepesi. Kukata mfereji ukutani kutoka kwenye kisanduku cha faiba, kupita koridoni, hadi chumba cha dada. Mita 12 tu. Grenda inachora mistari miwili, halafu tindo na nyundo zinatoa kilichobaki katikati. Unalaza kebo, unarudishia lipu, unapaka rangi, kwisha. Umeme hatukuzima. Tungezimaje wakati grenda yenyewe inakula umeme huo huo?

Saa tano hivi nikasikia mlio kama fataki ya mwaka mpya. Nyumba nzima ikazimika. Nilipofika koridoni yule kijana alikuwa chini, mgongo kwenye ukuta wa pili, anautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba si wake. Tindo ilikuwa bado imekwama ukutani, ncha yake imeyeyuka.

Alipona. Nasema haraka ili msibaki na roho juu. Kiganja kiliungua, tukamkimbiza zahanati, wakamsafisha, wakampima mapigo ya moyo, wakamfunga bandeji. Lakini ninaandika haya nikijua kabisa kwamba ingeweza kuwa habari ya aina nyingine, ile fupi ya aya mbili ambayo sisi waandishi huipeleka kwa mhariri bila hata kujua marehemu alikuwa anavua viatu mlangoni.

Tuliporudi, mama alikuwa amekaa koridoni akiutazama ule ukuta. Akauliza swali moja tu:

"Kwa hiyo hakuna mtu anayejua nyumba yangu ina nini ndani?"

Sikuwa na jibu. Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nawauliza wakurugenzi na madiwani. Siku ile sikumuuliza mtu yeyote swali dogo kuliko yote: nyaya za umeme zimepita wapi humu?

Fundi alizima meni swichi, akabandua lipu taratibu, tukaona. Waya wa soketi ulikuwa umepita mshazari, kutoka swichi ya mlangoni moja kwa moja hadi soketi ya upande wa dirisha, kama mtu anayekatisha katikati ya uwanja wa mpira kuwahi daladala. Halafu haukuwa ndani ya bomba. Ulifukiwa mtupu ndani ya lipu. Aliyefanya hivyo aliokoa labda mita mbili za waya na bomba lake. Yuko wapi? Namba yake haipatikani siku nyingi.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Rahisi sana kumlaumu yule fundi wa zamani, na lawama anastahili. Lakini mimi nasema tatizo kubwa ni sisi tunaojenga na sisi watoto wa wanaojenga. Tunautazama ukuta kama kitu cha kufunika. Tukishapiga lipu, tumefuta kila kilichoko ndani, hata kumbukumbu yake. Tuna hati ya kiwanja, tuna risiti za bati, tuna ramani iliyochorwa kabla ya msingi. Lakini mchoro wa waya umepita wapi na bomba la maji limepita wapi, hatuna. Kisha miaka mitano baadaye tunamwita kijana mwenye tindo aje kutoboa gizani.

Na kutoboa kutaongezeka. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010, ilikuwa habari ya mabenki, vyuo na makampuni. Leo faiba inaingia kwenye nyumba za mitaani. Mwenye kampuni anakuletea hadi kisanduku kimoja karibu na dirisha la sebule, anatoboa tundu lake moja, anaondoka. Kuanzia hapo ni juu yako. Kwa hiyo data inasafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari, halafu inashindwa na mita 12 za mwisho kwa sababu kuna kuta tatu za matofali.

Kuna watakaosema, "Wewe naye, enzi hizi za waifai waya wa nini?" Nilikuwa na mawazo hayo hayo. Lakini hebu tuangalie waifai inavyofanya kazi. Ni mawimbi ya redio. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kidogo lakini yamejaa vifaa vya majirani wote. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hupenya kuta vibaya. Kila ukuta wa saruji unakula sehemu ya nguvu, na penye nondo nyingi, kama kwenye nguzo na linta, hali ni mbaya zaidi. Nyumba zetu ni za saruji na nondo kila upande. Nguvu ya ruta hata uinunue kubwa namna gani, simu na kompyuta yako nazo lazima ziweze kujibu kutoka kule uani, na hizo zina betri na antena ndogo.

Waya haugombani na waifai. Waya ndio unailisha. Ukiufikisha chumba cha nyuma, unachomeka kifaa kidogo cha kurusha waifai pale pale na chumba kizima kinapata. Kebo hiyo hiyo inaweza kubeba data pamoja na umeme mdogo wa kuendesha kamera ya getini, hivyo huhitaji kupeleka soketi kule. Na kebo yenyewe si kitu cha ajabu. Ni nyaya nane ndogo za shaba zilizosokotwa mbili mbili, jozi nne. Huo usokotaji si urembo, ndio unaopunguza mwingiliano kutoka kwenye nyaya nyingine, na ni wazo ambalo Alexander Graham Bell alilipatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Kebo ya daraja la Cat 5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat 6 inaweza kubeba gigabiti 10 kwa umbali wa mita kama 55. Niambieni, ni nyumba gani ya mtaani kwenu yenye korido ya mita 55?

Wengine watasema wameona kwenye video za mtandaoni jinsi kazi hii ilivyo nyepesi. Mtu anatoboa tundu juu, anadondosha waya, anaunasa chini, dakika kumi amemaliza. Nami niliziona. Tatizo ni kwamba video nyingi za namna hiyo ni za nyumba za Marekani, na kule nyumba nyingi ukuta wake ni fremu ya mbao iliyofunikwa mbao za jipsamu, katikati ni uwazi mtupu. Wetu ni tofali kuanzia nje mpaka ndani. Hakuna uwazi. Ukitaka kupita, unakata, na ukikata unapunguza ukuta.

Hapo pia kuna kipimo. Soketi zetu za matundu matatu ya mstatili na umeme wetu wa volti 230 tunafanana na Waingereza, kwa hiyo si vibaya kutazama wao wanafanyaje. Mwongozo wao unasema mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na ule wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6 lililosimamishwa, hiyo ni kama sentimita 5 kwa wima na sentimita 2.5 tu kwa mlalo. Sasa kumbukeni mfereji wetu wa koridoni ulikuwa wa mlalo, na fundi alikuwa anachimba kwa jicho.

Wana kanuni nyingine ambayo naipenda zaidi kwa sababu haihitaji digrii. Waya uliofukiwa ukutani upite wima au mlalo kutoka kwenye swichi au soketi yake, usipite mshazari. Ukiona soketi, unajua waya wake uko juu yake, chini yake au pembeni yake kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo anayekuja baadaye anausoma ukuta kama kitabu. Mshazari ni kama kuandika kwa mafumbo, na fumbo hilo nusura limfumbue yule kijana kwa roho yake.

Halafu kuna hili la breka. Wengi tunadhani kwa kuwa meni swichi ina breka basi tuko salama. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Haimlindi mtu. Kiasi cha umeme kinachoweza kumuua mtu ni kidogo mno kwa breka kukigundua. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, mafundi wanakijua kwa herufi zake RCD, kinachokata umeme kinapoona unavuja kwa kiasi kama miliampia 30. Nyumba ya mama hakikuwepo. Sasa kipo. Je, kwenu kipo? Nenda kafungue kile kisanduku uangalie, au muulize fundi wako.

Sasa hoja ya gharama, maana najua inakuja. "Nyumba yenyewe sijamaliza, unaniambia niweke mabomba ya intaneti?" Ndiyo, na hasa kwa sababu hujamaliza. Sisemi ununue kebo leo. Nasema weka bomba tupu. Fundi umeme akishachimba mifereji yake kabla ya lipu, mwambie aongeze mabomba ya plastiki ya milimita 25 kutoka sebuleni kwenda kila chumba, na moja kwenda kwenye dari. Ndani acha kamba ya nailoni, mwisho wa bomba weka kisanduku chenye mfuniko. Bomba kama hilo linapitisha kebo tatu bila kubanana. Nilipoulizia madukani, mabomba ya nyumba ya vyumba vitatu hayafiki bei ya ndoo moja kubwa ya rangi nzuri. Sisi tumelipa zaidi ya hapo kukata na kuziba ukuta mmoja, bila kuhesabu kiganja cha mtu.

Bomba hilo lisiwe lile la umeme. Nimekutana na mafundi wanaopitisha kebo ya mtandao na waya wa umeme kwenye bomba moja "ili kuokoa nafasi". Usikubali. Ganda likichubuka, volti 230 zinaweza kutembea hadi kwenye kompyuta yako na wewe ukiwa umeishika. Hata pasipochubuka, umeme unaleta kelele kwenye data. Tenganisha mabomba, na pale lazima yakutane basi yakatane kwa pembe mraba. Kona za bomba ziwe za mviringo, zisiwe kali, kwa sababu kebo haitakiwi kukunjwa zaidi ya mara nne ya unene wake, na wakati wa kuvuta usiikokote kama unavuta ng'ombe.

Na siku ya kununua kebo, fungua macho. Sokoni kuna kebo ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ni nyepesi, ni rahisi, inakatika kirahisi, na haifai kubeba umeme wa kamera kwa sababu inapata moto zaidi. Chukua wembe, kwangua waya mmoja. Ukiona weupe ndani, mrudishie muuzaji wake. Shaba ni nyekundu mpaka moyoni.

Lakini kama kuna jambo moja tu utakalochukua hapa, basi ni hili. Siku moja kabla ya lipu, zunguka nyumba na simu yako. Piga picha kila ukuta, huku umeweka futi ya kupimia ionekane. Piga na sakafu kabla ya zege. Zitunze sehemu mbili, na nyingine uzichapishe uziweke kwenye bahasha ya hati ya kiwanja. Ni kazi ya nusu saa na haina gharama. Kizazi chetu tunapiga picha chipsi kabla ya kula, tunashindwaje kupiga picha ukuta ambao mzazi ameutolea jasho la miaka 11?

Na kama nyumba imeshapigwa lipu na mlioishi humo hamjui kitu? Basi usikate. Ndivyo tulivyomaliza sisi. Tulipandisha kebo kwenye kona ya sebule ndani ya mfereji wa plastiki wenye mfuniko, tukapita juu ya dari kwenye kenchi, ndani ya bomba kwa sababu panya wanapenda kebo kuliko mahindi, mbali na bati lenye joto, tukashuka ndani ya kabati la nguo la dada. Ni mita 20 badala ya 12. Haionekani, haijagusa tofali. Njia hiyo ilikuwepo tangu asubuhi ya Jumamosi ile. Hata pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa si za kuchezea na grenda. Heshima hiyo hiyo inafaa kwa ukuta wa mwalimu mstaafu.

Kwa wapangaji wenzangu, mfereji wa plastiki ndio rafiki yenu, na ukihama unauchukua.

Dada sasa anakutana na wateja wake bila kuganda. Yule kijana amerudi kazini wiki hii, kiganja kina kovu. Gharama za matibabu na siku alizokosa kibarua nimezilipa mimi. Sisemi kwa kujisifu, ni deni langu. Alipokuja kunisalimia aliniambia, "Kaka, siku hizi kabla sijagonga nauliza." Nikamwambia hata mimi.

Na mama? Amenunua daftari la kurasa 96. Kila jioni anazunguka na fundi mpya mwenye kipimo cha kutafuta nyaya ukutani, na yeye anachora. Ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Juu ya jalada ameandika: NDANI YA KUTA.

Wewe mzazi wako analo daftari kama hilo? Kama yuko hatua ya boma, mpigie simu leo, usisubiri sikukuu.